Samaki wa ufukweni wamekwenda wapi? Majibu kwa wavuvi wa mshipi wa mwisho wa wiki

Safu ya mwezi huu nimeitenga yote kwa barua zilizotoka Afrika Kusini, ambako baadhi ya watu wetu waliofuata kazi na biashara wamejiunga na klabu za kuvua kwa mshipi kutoka ufukweni. Kwa wasioufahamu, uvuvi huu ni wa kusimama mchangani au juu ya mwamba, kurusha chambo kwa fimbo yenye urefu wa mita nne hivi hadi nyuma ya mahali mawimbi yanapovunjikia, kisha kungoja. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya hapa Durban yenye watu wapatao ishirini. Jumamosi tunaondoka saa tisa usiku ili alfajiri itukute ufukweni na maji yakiwa yanajaa, na mchana tunarudi. Wazee wa klabu hutuonyesha daftari za matokeo za miaka ya 1970 na 1980, kurasa zake zimejaa kobu na samaki wengine wakubwa, ilhali sisi tunarudi na shadi wawili watatu, na papa wadogo na taa tunaowanasa huwarudisha majini. Wazee wanasema samaki wamemalizwa na matrola, yaani meli za kukokota nyavu, na meli za kigeni. Je, ni kweli? Na watu ishirini wenye fimbo wanaweza kweli kuimaliza bahari? – Msomaji, Durban

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na matrola, kwa kuwa hiyo ndiyo lawama iliyo tayari mdomoni mwa kila mvuvi wa mshipi aliyerudi na ndoo tupu. Matrola makubwa ya Afrika Kusini huvua samaki aitwaye heki katika kina kirefu, mbali kabisa na mahali chubwi yako inapoangukia. Yapo madogo yanayovua karibu na pwani ya kusini, na hayo kweli hukokota kobu wa rangi ya fedha pamoja na samaki wanaotafutwa, kwa hiyo maneno ya wazee wako hayakuzuka hewani. Hata hivyo, mfikirie galjoen, samaki wa taifa wa nchi hiyo. Huyu huishi kwenye povu lenyewe, pale wimbi linapoupiga mwamba, akila kome na wadudu wa miambani, na hakuna chombo cha kukokota nyavu kinachoweza kuingia hapo na kutoka kizima. Naye amepungua. Sheria haimruhusu mtu yeyote kumuuza, kwa hiyo anayemtoa majini, ukiwaondoa wezi wa nyavu za usiku, ni yule aliyesimama ufukweni na fimbo.

Habari za stinbrasi mweupe zimechanganyika zaidi. Samaki huyu hapatikani popote duniani ila katika pwani ya kusini mwa Afrika, hukulia katika milango ya mito, na huchukua miaka kama sita kabla ya kupevuka. Zamani makundi yake yaliyokuwa yakiingia False Bay, karibu na Cape Town, yalizungukwa kwa nyavu za kukokota kutoka ufukweni, na wavuvi wa fimbo nao wakawa wanamwinda pwani nzima. Uchunguzi uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kiasi alichokuwa akikipata mvuvi wa ufukweni kilikuwa kimeshuka kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi tangu katikati ya miaka ya 1970. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hapo ndipo daftari za wazee wako zinapopata thamani ambayo huenda wao wenyewe hawaijui. Mwaka 1994 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za klabu tatu za ufukweni za kusini-magharibi mwa Cape, wakitaka kujua kama masharti ya uvuvi yaliyowekwa mwaka 1985 yalikuwa yameleta nafuu. Kumbukumbu za mashindano ya KwaZulu-Natal nazo zimechambuliwa kwa namna hiyo. Kwa miongo mingi hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa akihesabu samaki wa ufukweni, kwa sababu serikali zilihesabu samaki waliopita bandarini na sokoni, na samaki wa mvuvi wa Jumamosi huenda moja kwa moja jikoni kwake.

Daftari hizo lakini zisomwe kwa tahadhari. Klabu nyingi ziliandika washindi na samaki waliopimwa, wala hazikuandika saa walizokaa wale waliorudi mikono mitupu. Isitoshe, mvuvi wa mwaka 1975 na wewe hamvui kwa zana zilezile. Fimbo yako ni ya kaboni, uzi wako ni wa kusuka na ni mwembamba, chambo chako kinaanguka makumi ya mita mbele zaidi ya kilipoangukia chake, na simu yako inakwambia bamvua itakuwa lini na upepo utageuka saa ngapi. Ukiona kwamba pamoja na hayo yote unapata pungufu ya alichopata yeye, basi upungufu ulioko majini ni mkubwa kuliko ule unaoonekana kwenye karatasi.

Kuhusu watu ishirini, umeuliza hesabu ya klabu moja, na bahari haihesabu klabu moja moja. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa ufukweni wa Afrika Kusini walikadiriwa kuwa kama laki nne. Kila mmoja akirudi na samaki mmoja tu kwa safari, na safari zikawa kadhaa kwa mwaka, utaona mwenyewe hesabu inafika wapi. Mwezi Desemba 2000 waziri aliyehusika na bahari, Valli Moosa, alitangaza hali ya dharura katika uvuvi wa mshipi, baada ya kubainika kwamba samaki wengi wanaotegemewa na uvuvi huo walikuwa wamebaki sehemu ndogo sana ya walivyokuwa hapo awali. Boti za biashara za mshipi zilipunguzwa hadi karibu 450, idadi ya samaki ambao mvuvi wa burudani anaruhusiwa kuondoka nao kwa siku ikapunguzwa, na mwanzoni mwa mwaka 2002 magari yakapigwa marufuku kuendeshwa ufukweni. Waulize wazee wako juu ya marufuku hiyo. Nadhani bado wanainung'unikia, maana iliwalazimisha kutembea kwa miguu hadi sehemu ambazo zamani walifika na gari limejaa watu, mahema na majokofu ya barafu.

Isingekuwa haki nikuachie wavuvi peke yao kizimbani. Kobu, stinbrasi na wengine wengi hulelewa katika milango ya mito, na mito imeonewa sana. Mlango wa St Lucia, kaskazini ya kwenu, kuanzia mwaka 2002 ulizibwa na mchanga kwa sehemu kubwa ya muongo mzima, kwa ukame na kwa sababu mto Mfolozi ulikuwa umetenganishwa nao, kwa hiyo samaki wachanga hawakuweza kuingia wala wakubwa kutoka. Mwezi Julai 2021 ghala la kemikali za kilimo liliungua kaskazini mwa Durban, sumu ikateremka hadi kwenye mlango wa mto ulio jirani na kuua samaki, na fukwe za karibu zikafungwa. Mwaka uliofuata mafuriko ya Aprili yakaharibu mitambo ya kusafishia majitaka ya jiji. Yote hayo yamo katika ndoo yako tupu. Ukinibana lakini nimtaje aliyepunguza zaidi samaki wanaoishi kwenye mawimbi, nitamtaja mwenye mshipi, na wewe na wazee wako mmo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata kobu wa sentimita 65 karibu na mlango wa mto, nje kidogo ya Gqeberha. Kibali ninacho, sheria inaniruhusu kobu mmoja kwa siku mwenye sentimita 60 au zaidi, nami nikampeleka nyumbani. Mwenzangu wa klabu akaniambia mbele ya watu kwamba nimeua mtoto. Nani ana haki? – Msomaji, Gqeberha

JIBU: Kisheria huna kosa lolote. Kuhusu maumbile ya samaki, mwenzako amesema kweli, ingawa angeweza kukwambia pembeni.

Kobu mkubwa wa milango ya mito, yule anayeweza kupita urefu wa mtu mzima, hapevuki akiwa na sentimita 60. Dume hupevuka akiwa na sentimita tisini na kitu, na jike akiwa amepita mita moja, akiwa na umri wa miaka mitano au sita. Wako alikuwa bado hajataga hata mara moja. Samaki huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka arobaini, kwa hiyo jike lililofika ukubwa wake lingeweza kutaga msimu baada ya msimu kwa muda mrefu kuliko utumishi wa watu wengi maofisini.

Utauliza basi kwa nini sheria imeweka 60. Kipimo kingewekwa kwenye mita moja na zaidi, karibu kila kobu anayenaswa na mtu aliyesimama nchi kavu angepaswa kurudishwa, na hapo sheria ingeonekana kuwa ni marufuku iliyovaa kanzu ya kipimo. Wanaotunga kanuni waliona ugumu huo, wakachagua kipimo kinachomwokoa samaki kwa miaka kadhaa ya mwanzo na kumwachia mvuvi matumaini. Tatizo ni hali ya samaki mwenyewe: uchunguzi wa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba uwezo wa kuzaliana wa kobu huyu ulikuwa umeshuka hadi chini ya asilimia tano ya ule wa kabla hajaanza kuvuliwa. Kwa kawaida wataalamu huanza kuwa na wasiwasi kiwango hicho kikishuka chini ya asilimia arobaini.

Ningekuwa wewe, ningemrudisha kila kobu aliye chini ya mita moja anayeonekana kuwa na nguvu za kuogelea, na yule mkubwa sana ningempiga picha kisha nimrudishe pia, kwa kuwa jike kubwa hutaga mayai mengi mno kuliko mawili madogo yakiwekwa pamoja. Anayebaki wa kula? Shadi, na nitamzungumzia chini. Na kabla ya kila msimu soma tena kanuni zinazoambatana na kibali chako, kwa sababu vipimo na tarehe hubadilishwa, na afisa wa ufukweni hatakubali kwamba ulizisoma miaka mitatu iliyopita.

SWALI: Mhariri, kijana mmoja katika klabu yetu amenunua droni, anaitumia kubeba chambo hadi mbali baharini. Anasema hakuna sheria inayomkataza. – Msomaji, Durban

JIBU: Ipo. Mwezi Februari 2022 serikali ilitoa tangazo la kuwakumbusha wavuvi kwamba kuvua kwa kutumia droni ni kinyume cha kanuni zilizopo, kwa kuwa uvuvi wa burudani unaoruhusiwa ni ule wa mtu kuuendesha mshipi wake kwa mkono, na wauzaji wa vyombo hivyo walipokwenda mahakamani mwaka huohuo walishindwa. Zaidi ya sheria, droni inamfikia yule samaki mkubwa aliyekuwa amesalimika kwa sababu tu hakuna mkono ulioweza kurusha mshipi hadi alipo. Mwambieni aitumie kupiga picha za harusi.

SWALI: Salaam Mhariri. Nimekulia Kilifi na sasa niko Cape Town. Klabu yangu inapinga vikali kila pendekezo la kufunga sehemu ya pwani, na hoja yao ni kwamba samaki hutembea, kwa hiyo kumfungia eneo ni kazi bure, na kwamba wanaoumia ni maskini na wavuvi wa burudani huku matajiri wakipewa mahali pa kutazamia nyangumi. Nyumbani niliona wavuvi wenyewe wakifunga kipande cha bahari yao. Nisimamie upande gani? – Msomaji, Cape Town

JIBU: Hoja ya kwamba samaki hutembea ilijaribiwa, na si mbali na ulipo. De Hoop, mashariki mwa Cape Town, ilifungwa kwa uvuvi mwaka 1985, na watafiti wakaendelea kuvua humo kwa fimbo na ndoana kama zenu, wakiwapima samaki na kuwarudisha. Ndani ya miaka michache galjoen na samaki wengine kadhaa wa kawaida wakawa wananaswa kwa wingi zaidi kuliko kabla ya kufungwa. Watafiti wakaendelea kuwatia alama galjoen. Wengi wa walionaswa tena walikutwa palepale walipotiwa alama, wachache wakakutwa mamia ya kilomita mbali. Jambo hili linapaswa kuifurahisha klabu yako, kwa sababu wale watulivu ndio wanaojaza eneo lililofungwa na kutaga humo, na wale wasafiri ndio wanaotoka nje na kuifikia mishipi ya jirani. Kama wote wangekuwa wasafiri, kufunga kusingesaidia. Kama wote wangekuwa watulivu, nyinyi mlioko nje msingefaidika ila kwa mayai yanayochukuliwa na mkondo.

Hoja ya pili ina uzito, na sitaki uipuuze. Tsitsikamma, iliyotangazwa mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa ya bahari ya kwanza barani Afrika, iliwafungia pia watu wa vijiji vya jirani ambao babu zao walivua kwenye miamba hiyo, na malalamiko yao yalidumu hadi mwaka 2016 serikali ilipowafungulia vipande vyake kwa masharti. Wanasayansi wengi hawakuufurahia uamuzi huo. Mimi naona kosa lilianzia mwanzo kabisa, pale mstari ulipochorwa bila ya kuwaketisha wenyeji.

Uliyoyaona Kuruwitu, kwenu Kilifi, yalikwenda kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wenyewe waliochoshwa na kurudi na mitego mitupu walikubaliana kuiacha sehemu ya maji yao isivuliwe, wakailinda kwa zamu, na samaki wakarudi. Tofauti ni kwamba wao waliishi kwa samaki, na klabu yako inaishi kwa mshahara. Mtu ambaye chakula chake cha jioni hakitegemei mshipi ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuiacha sehemu moja ya pwani. Simama upande wa kufunga, lakini dai klabu na vijiji viwepo mezani pale mstari unapochorwa, na dai pia matokeo ya kila mwaka yatolewe hadharani.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katibu wa klabu. Tunataka mashindano yetu ya mwisho wa mwezi yaache mizani, samaki apimwe urefu na kurudishwa majini. Wazee wanasema shindano bila mizani si shindano, tena kwamba samaki anayerudishwa hufa tu, afadhali aliwe. Tufanyeje? – Msomaji, East London

JIBU: Wazee wapewe jibu la heshima, kwa kuwa neno lao la pili lina ukweli ndani yake. Samaki aliyevutwa juu ya mchanga mkavu, akakanyagwa asitapetape, akaning'inizwa kwa matamvua huku watu wakigombea kupiga picha, kisha akatupwa kwenye wimbi, huenda akaondoka akiogelea na kufa saa kadhaa baadaye mbali na macho yenu. Kumrudisha samaki namna hiyo ni kujidanganya, na ni kweli afadhali angeliwa.

Kuna namna nyingine. Mmoja wenu anamleta samaki, mwingine anamsubiri akiwa ndani ya maji hadi magotini. Wimbi linalorudi linamwacha samaki kwenye mchanga ulio maji, naye anamlaza juu ya kitambaa cha plastiki kilicholoweshwa, chenye kipimo cha sentimita kilichochapwa juu yake, na kumfunika macho kwa kitambaa kibichi. Samaki aliyefunikwa macho hutulia mara moja. Mikono iwe imelowa, kwa sababu mikono mikavu na mchanga hukwangua ule ute unaomkinga na magonjwa. Ndoana iwe ya duara, ambayo mara nyingi hunasa kwenye pembe ya mdomo na si tumboni, na kile kijino kinachoizuia isichomoke kiwe kimebanwa kwa koleo. Ikiwa imezama kooni, kateni uzi karibu na mdomo na muiache. Msomaji wa kipimo anataja sentimita, shahidi wa timu nyingine anaitikia, picha moja inapigwa, na samaki anabebwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, hadi penye maji ya kutosha, akielekezwa kichwa kwenye wimbi mpaka atoke kwa nguvu zake. Watu wawili waliozoea hawahitaji hata dakika moja.

Kuhusu mizani, waonyesheni wazee kwamba haijaondoka. Kwa samaki wengi wa pwani ya Afrika Kusini uhusiano wa urefu na uzito umekwisha kupimwa na kuwekwa kwenye majedwali, na mashindano ya ufukweni ya nchi hiyo yamekuwa yakigeuza sentimita kuwa kilo kwa kutumia majedwali hayo kwa muda mrefu. Bingwa atapatikana kwa kilo, na kilo hizo zitakuwa bado zinaogelea. Tena watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, si mbali na kwenu, walifanya kazi na wavuvi wa mashindano ya aina hii, wakiwaeleza na kuwaonyesha namna bora ya kumshika samaki, na ushikaji ukawa bora. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba wavuvi hawabadiliki.

Mimi hata hivyo ningekwenda mbali zaidi ya kitambaa na jedwali, na hapa ndipo ninapokuomba, katibu, uisikilize zaidi safu hii. Badilisheni kadi ya matokeo. Kadi za klabu nyingi zina nafasi ya jina, aina ya samaki na alama, na mtu ambaye hakupata kitu hairudishi kadi yake, au huirudisha tupu nayo ikatupwa. Wekeni nafasi ya saa aliyoanza na saa aliyomaliza, mahali alipovulia, idadi ya mishipi aliyokuwa nayo majini, chambo, hali ya maji na upepo, na kila samaki aliyenaswa hata awe mdogo wa kutia aibu. Kisha wekeni kanuni kwamba kadi isiyo na samaki nayo inarudishwa, na asiyeirudisha anapoteza alama za mwezi. Watu kumi waliovua saa sita kila mmoja bila ya kupata kitu wametoa taarifa ya saa sitini za bahari tupu, na taarifa hiyo ndiyo inayokosekana katika mabishano yote kuhusu samaki wanaopungua. Bila hiyo klabu itaendelea kumkumbuka kobu mmoja mkubwa wa mwezi Machi na kusahau miezi minne iliyomzunguka.

Mkiweza, jiungeni pia na mradi wa kutia samaki alama unaoendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari ya Durban, ambao ulianza mwaka 1984 na kwa kiasi kikubwa umebebwa na wavuvi wa kujitolea. Zaidi ya samaki laki tatu wamekwisha kutiwa alama. Mwanachama hufundishwa kwanza, hupewa alama zenye namba, na samaki wake akinaswa tena na mtu mwingine hupata habari kwamba alikwenda wapi na amekua kiasi gani. Nimewahi kuona watu wazima wakiisoma barua ya namna hiyo kama wanavyosoma matokeo ya mtihani ya watoto wao.

SWALI: Mhariri, msimu wa dagaa ukifika mwezi Juni na Julai, shadi huwafuata kwa wingi na sisi tunapata zaidi ya tunaoweza kula. Naruhusiwa kumuuzia jirani? – Msomaji, pwani ya kusini ya KwaZulu-Natal

JIBU: Hapana. Kibali cha burudani hakimruhusu mwenye nacho kuuza samaki yeyote, hata kwa jirani na hata kwa bei ya chambo. Tena haifai uwe na ziada: kiwango cha shadi ni wanne kwa mtu kwa siku, kila mmoja asipungue sentimita 30, na kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Novemba hafai kuvuliwa kabisa, kwa kuwa ndio wakati wake wa kutaga.

Najua wanne huonekana wachache pale maji yanapochemka kwa shadi mbele ya macho yako. Lakini wazee wa pwani hiyo wanaikumbuka miaka ambayo shadi alikuwa ameadimika hadi serikali ya Natal ya wakati huo, katika miaka ya 1970, ikaweka kipimo, idadi ya kila siku na miezi ya kufunga, kwa msingi wa utafiti uliofanywa Durban. Wavuvi wa wakati ule walilalamika sana. Shadi hukua haraka, hupevuka mapema na husafiri pwani nzima, kwa hiyo alipopewa nafasi alinyanyuka upesi kuliko atakavyonyanyuka kobu au stinbrasi, na ndiyo sababu hadi leo ndiye anayenaswa kuliko wote katika fukwe zenu. Jirani mpe mmoja katika wanne wako, bila malipo.